Picha zinatoka giza: tafuta chanzo kabla ya kumtafuta fundi

Kamera haijui inatazama nini. Mita iliyo ndani yake husoma mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, kisha hupiga hesabu kana kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Shela jeupe kwake ni kijivu kilichomulikwa mno, hivyo hupunguza mwanga. Suti nyeusi kwake ni kijivu kilichonyimwa mwanga, hivyo huongeza. Picha nyingi za giza zinaanzia hapo. Zinazobaki zinatokana na setingi iliyosahaulika au flashi iliyoishiwa pumzi, na mara chache sana ni kamera mbovu kweli.

Maelezo haya yanafuata Canon na Nikon za DSLR (kamera zenye kioo cha kupinduka ndani), zile zilizojaa mikononi mwa wapiga picha wa harusi na kipaimara. Ukiwa na kamera isiyo na kioo cha kupinduka, kanuni ni zilezile, majina ya menyu tu ndiyo yanayobadilika.

Tuelewane kwanza kuhusu neno stopu. Kuongeza stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili: kutoka shata 1/125 kwenda 1/60 (muda wa kuingiza mwanga, kwa sehemu za sekunde), au kutoka f/5.6 kwenda f/4 (upana wa tundu la lenzi, namba ikipungua tundu linapanuka), au kutoka ISO 400 kwenda 800 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Kupunguza stopu moja ni kubakiza nusu.

Zote, au baadhi?

Fungua picha kumi za mwisho kwenye kamera, uzitazame pamoja na taarifa zake. Canon bonyeza INFO mpaka grafu itokee. Nikon bonyeza juu au chini kwenye kitufe cha duara. Kama grafu haitokei kwa Nikon, iwashe kwanza kwenye menyu ya kutazama picha, palipoandikwa "Playback display options". Sasa angalia giza limejipanga vipi.

- Zote ni giza, ndani na nje, hata ukipiga ukuta: kuna setingi iliyobaki au kifaa kina tatizo.
- Giza liko kwenye zile zenye nguo nyeupe, dirisha, anga au mchanga wa pwani: mita imedanganywa.
- Moja sawa, moja giza, moja imeungua (mwanga umezidi), halafu inajirudia hivyohivyo: umeacha kamera kwenye kupiga picha tatu za mwanga tofauti (AEB kwa Canon, BKT kwa Nikon). Izime, kazi imekwisha.
- Za flashi peke yake ndizo giza: ruka hadi sehemu ya flashi.
- Utepe mweusi umekata upande mmoja wa picha: hiyo ni shata, tutaifikia.

Usihukumu kwa kioo cha nyuma, kile cha kutazamia picha. Usiku, kioo kikiwa na mwanga wa juu, picha ya giza huonekana nzuri, nawe utaligundua kosa nyumbani kwenye kompyuta. Mchana juani mambo hugeuka: picha nzuri huonekana kama imechovywa kwenye masizi. Tazama histogramu, yaani ile grafu. Kushoto ni weusi, kulia ni weupe. Picha ya bibi harusi mwenye shela jeupe lazima iwe na kilima karibu na ukingo wa kulia. Kama vilima vyote vimerundikana kushoto na nusu ya kulia ni tupu, mwanga umepungua, hata kioo kiseme nini. Lakini picha ya jukwaa usiku ina haki ya kuegemea kushoto, usiilazimishe iwe mchana.

Setingi zilizobaki kutoka kazi ya jana

Hizi zikague kwa mpangilio huu. Ni kazi ya dakika mbili.

1. Fidia ya mwanga, yaani alama ya ±, inayoiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga. Kamera nyingi huikumbuka hata ukizizima. Ukikuta mshale uko kwenye −1 au −2, umempata mwizi. Kwa Canon kubwa kidogo, zungusha gurudumu la nyuma ukiwa kwenye modi ya P (kamera inachagua yote), Tv (wewe unachagua shata; Nikon huiita S) au Av (wewe unachagua tundu; Nikon huiita A). Kwa ndogo kama 700D, shikilia kitufe cha Av± huku ukizungusha gurudumu la juu. Kwa Nikon, shikilia kitufe cha ± kilicho jirani na kitufe cha shata, zungusha gurudumu la nyuma.

2. Fidia hiyohiyo kwenye modi ya M, ambako shata na tundu unaweka mwenyewe. Kwenye Nikon kama D750, fidia haibadilishi shata wala tundu ukiwa M, ila inasogeza kipimo chenyewe. Ukiwa umeacha −1, utaweka mshale katikati kabisa kwa uangalifu wako wote, na picha itatoka giza kwa stopu moja. Mtu anaweza kuzunguka na kosa hili wiki nzima.

3. Nikon za daraja la kati na juu zina kipengele kingine kilichojificha zaidi: menyu ya Custom Setting, kundi b, "Fine-tune optimal exposure". Hapo mwanga hurekebishwa kwa sehemu ya sita ya stopu, kila aina ya upimaji peke yake, na hakuna alama yoyote inayoonekana kwenye kamera kukukumbusha. Ukinunua kamera ya mtumba, anza hapa. Rudisha zote kwenye 0.

4. Filta. Polaraiza (filta ya kupunguza mng'ao) iliyosahaulika kwenye lenzi hula kati ya stopu moja na mbili. Ukiwa kwenye A au Av kamera itafidia yenyewe kwa kupunguza kasi ya shata. Ukiwa M hakuna wa kukufidia.

5. Active D-Lighting kwa Nikon. Kamera hupunguza mwanga kidogo ili kulinda weupe, kisha huinua vivuli yenyewe inapotengeneza JPEG, yaani picha iliyokamilishwa na kamera. Ukipiga RAW (faili ghafi) na kuifungua kwenye programu isiyo ya Nikon, ule uinuaji haufuati, hivyo faili huonekana giza kuliko ulivyoiona kwenye kamera. Wanaopiga RAW waizime.

Ikiwa kichwa kinauma, rudisha setingi zote za kiwandani kutoka kwenye menyu. Andika kwanza zile unazozihitaji.

Aina za upimaji, na mtego wa kila moja

*Upimaji wa picha nzima* (Canon huuita Evaluative, Nikon Matrix). Kamera hugawa picha vipande vingi, hulinganisha, na hutoa uzito zaidi pale ulipolenga fokasi. Ndio wa kutumia muda mwingi. Udhaifu wake ni kwamba haitabiriki: ukisogea hatua moja na dirisha likaingia kwenye fremu, hesabu hubadilika.

*Uzito wa katikati.* Husoma fremu yote ila huisikiliza zaidi sehemu ya kati. Ni wa kizamani lakini ni mkweli, ukiuzoea unajua utakukosea kwa kiasi gani.

*Upimaji wa nukta.* Husoma duara dogo tu, kati ya asilimia 1.5 na 4 ya fremu kulingana na modeli. Kwa Nikon duara hilo hufuata nukta ya fokasi uliyochagua. Kwa Canon nyingi limebaki katikati hata kama fokasi umeipeleka pembeni. Hapo ndipo watu wanaumia: umelenga jicho la bibi harusi upande wa kushoto, mita inasoma turubai jeupe lililo katikati, uso unatoka kama kivuli. Canon wana pia upimaji wa sehemu, ambao ni nukta iliyonenepa, asilimia 6 hadi 10 hivi.

Kuna mtego wa pili wa nukta. Wengi hulenga uso, hubonyeza shata nusu, kisha husogeza kamera ili kupanga picha. Kwa Canon iliyo kwenye upimaji wa picha nzima na fokasi ya One Shot (inayojifunga ikishapata lengo), nusu ile hufunga mwanga pamoja na fokasi. Kwa upimaji wa nukta haifungi. Mwanga hupimwa upya pale picha inapopigwa, wakati duara tayari liko kwenye ukuta mweupe. Nikon nyingi, zikiwa zimetoka kiwandani, hazifungi mwanga kwa nusu hiyo kabisa. Dawa ni kitufe cha kufunga mwanga: nyota (*) kwa Canon, AE-L/AF-L kwa Nikon. Pima uso, kibonyeze, ndipo upange picha.

Shela jeupe, kanzu nyeupe, na ngozi nyeusi

Hapa ndipo picha za harusi zinapoharibika, kwa hiyo tusiharakishe.

Ukimpiga bwana harusi mwenye kanzu nyeupe amejaza fremu, mita itaigeuza kanzu kuwa ya kijivu. Uso wake, ambao tayari una giza kuliko kijivu cha wastani, utazama na kanzu. Wengi wakiona hivyo hubadili kwenda upimaji wa nukta na kupima uso. Sasa wanapotea upande wa pili: mita inaulazimisha uso mweusi uwe kijivu cha wastani, uso unapauka na kanzu inaungua mpaka mishono ya kifuani haionekani. Ukishapima nukta kwenye uso wa ngozi nyeusi, punguza kati ya ⅔ na stopu 1. Kwa maji ya kunde punguza ⅓ au uache kama ulivyo.

Njia bora zaidi ni kuusahau uso na kupima nguo:

1. Weka modi ya M, zima ISO ya otomatiki, chagua upimaji wa nukta.
2. Peleka nukta kwenye sehemu ya shela au kanzu inayopigwa na mwanga uleule unaoupiga uso. Isiwe kwenye mkunjo wenye kivuli.
3. Chagua tundu na ISO, kisha zungusha shata mpaka mshale ufike +1⅔. Usiuache kwenye 0, 0 ndiyo inayoleta kijivu.
4. Piga picha moja. Tazama ukiwa umewasha onyo la weupe uliopitiliza, lile linalofanya sehemu zilizoungua zipepese. Kama shela halipepesi, unaweza kwenda mpaka +2. Kama linapepesa kwenye eneo kubwa, rudi nyuma ⅓.
5. Sasa usiguse tena. Mradi wote wamesimama kwenye mwanga uleule, bibi harusi mweupe, bwana harusi mweusi na wapambe wa rangi zote watatoka kila mmoja na rangi yake.

Njia hii inafanya kazi kwa sababu nguo nyeupe ni nguo nyeupe, popote ilipo. Ukishaiweka mahali pake, ngozi inajipanga yenyewe chini yake. Inashindwa pale tu nguo ikiwa juani na uso ukiwa kwenye kivuli cha mwavuli. Hapo hakuna mita itakayokuokoa, msogeze mtu.

Hakuna nguo nyeupe karibu? Pima kiganja chako. Viganja vya watu wengi vinakaribiana weupe, hata kama migongo ya mikono haifanani. Kiweke kwenye mwanga ule wa mtu unayempiga, pima kwa nukta, weka mshale kwenye +1.

Mtu akisimama na dirisha, mlango au bahari nyuma yake, upimaji wa picha nzima utauangalia mwanga wa nyuma na kumfanya mtu awe kivuli. Ongeza fidia +1⅓ hadi +2 na ukubali dirisha liungue, au washa flashi. Hakuna njia ya tatu zaidi ya kumgeuza.

Kamera inapofika mwisho wa uwezo

Kuna giza ambalo kamera ilikuonya nawe hukuona. Uko ukumbini, modi ya Tv au S, shata 1/500, ISO umeifunga kwenye 400. Kamera inafungua tundu mpaka mwisho, haitoshi. Canon itapepesa namba ya f, baadhi ya Nikon zitaandika Lo, kisha picha itapigwa hivyohivyo, giza.

Ukumbi wa taa za kawaida usiku mara nyingi unadai kitu kama 1/125, f/2.8, ISO 1600 hadi 3200. Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera ina f/5.6 ukiivuta mpaka mwisho, kwa hiyo ungehitaji ISO 6400 hadi 12800. Lenzi hiyo ina mtego mwingine: kwenye 18 inafungua f/3.5, kwenye 55 inabaki f/5.6. Ukiwa M ukaweka f/3.5 na kuvuta karibu, picha inapoteza stopu moja na theluthi bila wewe kugusa chochote. Ama weka f/5.6 tangu mwanzo, ama tafuta lenzi ya 50 yenye f/1.8, ambayo hupokea mwanga karibu mara kumi ya f/5.6.

Angalia pia kikomo cha ISO ya otomatiki. Kama umekiweka 800, usiku kamera itagonga ukuta. Chenga (punjepunje) kidogo za ISO 3200 ni afadhali kuliko picha ya giza itakayoinuliwa baadaye, kwani kuinuliwa huleta chenga zaidi.

Taa za LED na tyubu zina lao. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na taa mbovu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/500 picha moja itakuwa sawa, inayofuata giza, nyingine na mawimbi. Shuka hadi 1/100 au 1/50.

Flashi

Flashi ndogo inayochomoza juu ya kamera huwa na namba ya nguvu 12 hivi kwa ISO 100. Gawanya kwa f: 12 kwa 5.6 ni mita 2 na ushee. Huo ndio mwisho wake. Ukiwa safu ya tano ukumbini, flashi inamulika migongo ya viti. Kupandisha ISO hadi 400 kunaufikisha umbali huo mita 4 na ushee. Umbali ukiongezeka maradufu, mwanga unabaki robo.

Flashi ya kupachikwa juu ya kamera ukiielekeza darini, hakikisha dari lipo, ni jeupe na haliko mbali. Kwenye turubai la rangi nyeusi au dari la mita sita mwanga unakwenda na haurudi.

TTL, yaani flashi inapojipimia mwanga kupitia lenzi, nayo hudanganywa na shela kama mita ilivyodanganywa. Ongeza fidia ya flashi, ambayo ni tofauti na fidia ya kamera, +⅔ au +1.

Kama picha moja ni nzuri na mbili zinazofuata ni giza, betri zimechoka: unapiga kabla flashi haijajaa. Subiri taa ya utayari iwake, au weka betri mpya nne, zote za aina moja.

Utepe mweusi chini au juu ya picha maana yake shata imezidi kasi ya kuendana na flashi, ambayo kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Kamera ikiwa na flashi yake yenyewe hukuzuia. Ukitumia triga (kifaa cha kuiwasha flashi kwa mbali) ya bei nafuu haikuzuii. Shuka hadi 1/160.

Kupima kama kamera yenyewe ni mbovu

Toka nje mchana wa jua kali lisilo na wingu, jua likiwa mgongoni mwako. Weka M, ISO 100, f/16, shata 1/125. Piga kitu cha kawaida kilichopigwa na jua: majani, barabara, ukuta wa udongo. Picha inapaswa kutoka sawa au karibu sana. Ikitoka sawa, yaelekea mwili wa kamera na lenzi ni wazima, rudi kwenye mita na setingi. Ikitoka giza sana, badilisha lenzi urudie. Tatizo likihama na lenzi, futa vituo vidogo vya umeme vya lenzi na vya kamera, pale zinapogusana, kwa kitambaa laini kikavu, urudie tena. Canon huonyesha Err 01 mawasiliano na lenzi yakikatika.

Kisha pima shata. Elekeza kamera ukuta mweupe wenye mwanga sawa, piga 1/60, 1/250, 1/1000 na 1/4000, ukifidia kwa ISO au tundu ili mwanga ubaki uleule. Picha nne zifanane. Kama zile za kasi zina upande mmoja wenye kiza na za polepole ziko safi, pazia la shata limechoka. Hilo ndilo la kumpelekea fundi, na umwonyeshe hizo picha nne.

Na ukipiga kwa tripodi bila kuweka jicho, ziba kitundu cha kuchungulia. Kwenye DSLR mwanga unaoingilia nyuma huifikia mita, ikadhani kuna mwanga mwingi, ikapunguza. Kipande cha mpira kwenye mkanda wa Canon nyingi kimewekwa kwa kazi hiyo. Wengi hawajui ni cha nini.

Picha ambazo tayari ni giza

Faili la RAW lina biti 12 au 14, unaweza kuliinua stopu mbili na likabaki la kuuzika. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Zaidi ya stopu moja, ngozi nyeusi huanza kuwa na mabaka ya zambarau na kijani kwenye mashavu. Inua vivuli kwanza, mwanga wa jumla baadaye, punguza chenga za rangi mwisho. Ikigoma kabisa na picha haiwezi kupigwa upya, igeuze nyeusi na nyeupe: mabaka ya rangi yanapotea, chenga zinazobaki zinafanana na za filamu, na uso unasomeka.